Kununua laptopu ya mtumba Unguja au Pemba, na kuipiga Windows 11

Ukienda Darajani au Mlandege kutafuta laptopu ya mtumba, muuzaji atakuuliza una kiasi gani, kisha atakuuliza unataka i5 au i7. Majibu yako yote mawili hayatamwambia yeye wala wewe kama mashine hiyo itapokea Windows 11. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huchagua mashine ya kuingia. Kwa hiyo suala la mfumo huamuliwa pale kaunta, pesa zikiwa bado mfukoni. Ukishafika nyumbani ndipo ukagundua prosesa (chipu iliyo ubongo wa mashine) haikubaliki, hakuna fundi wa kukusaidia, kwani prosesa za laptopu hizi zimechomewa kwenye ubao na hazibadilishwi.

Soma nambari ya prosesa, stika iache

Stika ya i7 inaweza kuwa juu ya mashine ya mwaka 2013. Kinachotafutwa ni kizazi, na kizazi kimo ndani ya nambari. Kwa Intel, tarakimu inayoanza baada ya kistari ndiyo yenyewe: i5-8350U ni kizazi cha 8, i7-6600U ni cha 6. Zikiwa tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i5-10210U ni cha 10. Nambari kama i5-1135G7 nayo husomwa mbili za mwanzo, yaani kizazi cha 11, ingawa tarakimu zake kabla ya G ni nne tu.

Windows 11 inaanza kizazi cha 8. Cha 7 kurudi nyuma hakimo kwenye orodha ya Microsoft, isipokuwa prosesa chache mno. Na kuna sababu nyengine ya kukipenda kizazi cha 8 hata kama Windows 11 huitaki: hapo ndipo i5 za laptopu za ofisini zilipotoka viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) zikawa na vinne. i5-8250U ina viini vinne. I7-7600U, pamoja na jina lake kubwa, ina viwili. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, Word na mkutano wa video kwa pamoja, tofauti utaiona.

AMD ina mtego wake. Ryzen 5 PRO 2500U, inayopatikana kwenye HP EliteBook 745 G5 na ThinkPad A485, haikubaliki Windows 11 ijapokuwa ni ya enzi moja na Intel ya kizazi cha 8. Kwa laptopu za Ryzen anzia mfululizo wa 3000, kwa mfano 3500U.

Modeli za ofisini zinazofaa na zinazopatikana kwa wingi kwenye soko la mitumba ni Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na 7490, na HP EliteBook 840 G5. Kaka zao wa nyuma yake, T470, Latitude 7480 na 840 G4, wana sura hiyohiyo na huwekwa kwenye rafu moja. Hata jina la modeli halitoshi: baadhi ya matoleo ya modeli hizo nzuri yalitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Soma nambari ya prosesa ya mashine ile iliyo mkononi mwako.

Masharti mengine ya Windows 11 ni RAM GB 4, diski GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na UEFI (mtindo mpya wa BIOS, programu ya kuwashia mashine) yenye Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usioaminika kuwaka). Mbili za mwanzo ni za kwenye karatasi tu. Kwa matumizi ya kweli nunua yenye RAM GB 8 au yenye nafasi ya kuongeza, na SSD ya GB 256. Laptopu mpya ya bei ya chini yenye Celeron na diski ya eMMC ya GB 64 inang'aa na ina boksi lake, lakini diski hiyo imechomewa kwenye ubao na masasisho ya Windows peke yake yanaweza kuijaza. Kati ya hiyo na T480 ya mtumba yenye mikwaruzo, chukua T480.

Jengine: "Grade A" haina kipimo kinachotambulika na wote. Kila muuzaji ana A yake, na mara nyingi anazungumzia ganda la nje, si betri wala diski.

Ukaguzi wa dukani

Nenda na vitu vitatu: fleshi yenye Linux Mint (mfumo wa bure mbadala wa Windows) iliyotayarishwa, simu yenye bando kwa ajili ya kurusha intaneti, na spika za masikioni zenye waya. Tenga nusu saa. Muuzaji anayekataa uiwashe na kuizima mashine anayotaka kukuuzia, msalimie uende duka la pili.

Anza na BIOS kabla ya Windows. Zima mashine kabisa, iwashe huku unabonyeza F1 kwa Lenovo ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Humo soma jina la prosesa, ukubwa wa RAM na nambari ya mashine, kisha linganisha nambari hiyo na ile ya chini ya ganda. Jina la prosesa linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa kwenye rejista. La kwenye BIOS ni gumu kuchezewa. BIOS ikidai nywila, usiinunue. Utaambiwa fundi ataitoa kwa kung'oa betri ndogo ya saa. Kwa ThinkPad hilo halifanyi kazi, nywila ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri hiyo. Humohumo kwenye ukurasa wa usalama tafuta neno Computrace au Absolute. Ikiwa imeandikwa "Activated", si "Enabled" pekee, huenda mashine bado inafuatiliwa na mwenyewe wa zamani, na inaweza kuwa ni ya wizi.

Sasa ingia Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`. Utaona prosesa, RAM, na mstari wa "BIOS Mode": inatakiwa iwe UEFI. Ikiwa Legacy (mtindo wa zamani), si kasoro, hubadilishwa. Rudia R, andika `tpm.msc`, tizama chini kulia kama toleo ni 2.0. Ukiambiwa TPM haipatikani kwenye mashine ya kizazi cha 8, karibu kila mara imezimwa tu BIOS.

Betri ndiyo inayoficha mengi. Fungua Command Prompt, andika:

`powercfg /batteryreport /output "%USERPROFILE%\Desktop\betri.html"`

Fungua faili hilo na utafute mistari miwili: "Design capacity", uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na "Full charge capacity", uwezo wake wa sasa. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Ukipata chini ya asilimia 60, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei unayopatana. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoka nyuma, na ripoti itaonyesha zote. Ya nje hubadilishwa bila bisibisi. Kabla ya kutoka hapo, pitisha kiganja juu ya tachipedi. Ikiwa imenyanyuka au haibonyezeki vizuri, huenda betri ya chini yake imevimba, na betri iliyovimba haipatanwi bei, inaachwa.

Kwa diski, beba CrystalDiskInfo isiyohitaji kusakinishwa kwenye fleshi nyengine. Itakupa afya ya diski na saa ilizowashwa. Ikiandika "Caution", diski hiyo ni ya kutolewa hata kama mashine inaenda vizuri leo.

Halafu washa mashine kwa fleshi ya Linux Mint: F12 kwa Lenovo na Dell, F9 kwa HP, chagua fleshi, na Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapa huitegemei Windows ya muuzaji wala draiva zake (programu zinazoendesha vifaa). Unga Wi-Fi ya simu, cheza sauti, chomeka spika, fungua kamera, andika kila kitufe cha kibodi kwenye ukurasa mtupu. Kifaa kinachogoma hapa na kugoma kwenye Windows pia kina uwezekano mkubwa wa kuwa kibovu chenyewe.

Kibodi iangalie kwa jicho pia. Mashine zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zinaanza na A mahali pa Q, na baadhi hubandikwa stika za herufi juu ambazo hutoka kwa jasho baada ya miezi. Herufi za Kiarabu pembeni ya za Kizungu si kasoro, wapo wanaozitafuta.

Kwa sisi wa visiwani ukaguzi una jambo la ziada. Mashine iliyokuja moja kwa moja kutoka Ulaya au Dubai haijakaa na upepo wa chumvi, ila iliyotumika hapa miaka mitatu chumbani karibu na bahari imekaa nao. Pindua chini utizame skurubu: zikiwa na kutu, ndani pia kumeingia. Mulika matundu ya USB na HDMI kwa tochi ya simu. Ukungu wa kijani kwenye vyuma vya shaba ni dalili hiyohiyo. T480 huchajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chomeka chaja na uitikise kidogo: chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea, na tundu hilo limechomewa kwenye ubao. Chaja yenyewe isome: iwe imeandikwa INPUT 100-240V na wati zinazotosha, na pini zake ziwe tatu za mraba zinazoingia ukutani bila adapta ya kulegalega.

Kufuli ya kampuni

Hili linastahili kichwa chake, maana ndilo linalowaacha watu na chuma kisichofaa. Makampuni na taasisi za nje huziandikisha laptopu zao kwa Microsoft kupitia mfumo wa Autopilot. Mashine ikiuzwa bila kuondolewa kwenye orodha, itafanya kazi kama kawaida kwa Windows aliyokuwekea muuzaji. Siku utakayopiga Windows upya na kuunga intaneti, skrini ya mwanzo itakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Kufuta diski hakusaidii, kubadilisha diski hakusaidii: utambulisho unatokana na ubao. Anayeweza kuiondoa ni kampuni yenyewe au wakala aliyeiandikisha kwa niaba yake.

Kuijua mapema kuna njia moja ya uhakika, nayo ni kupiga Windows palepale dukani huku intaneti imeungwa. Muuzaji asipokuwa na muda, andikianeni kwenye risiti: nambari ya mashine, prosesa, RAM, na kuwa itarudishwa ndani ya siku saba ikitokea kufuli ya kampuni au nywila ya BIOS. Dai risiti halali ya kielektroniki ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), si kijikaratasi cha daftari. Sentensi ile ya kufuli iandikwe hata kama mnajuana.

Ukiwa Pemba

Aliyeko Chake Chake, Wete au Mkoani mara nyingi ananunua kwa picha kutoka Unguja na mzigo unapanda boti. Kurudisha kasoro ni nauli na siku. Basi usitume pesa kwa picha za ganda. Mwombe muuzaji video moja isiyokatwa: anaonyesha nambari ya chini ya mashine, anaiwasha, anaingia BIOS, anarudi Windows na kufungua `msinfo32` kisha ripoti ya betri. Mzigo ukabidhiwe mtu aushike mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, usiwekwe nje panaporushwa maji. Betri ya kuchomoka ichomolewe.

Leseni kabla ya kufuta chochote

Windows uliyoikuta ndani iandikie talaka. Hujui imewekwa na nani na ina nini ndani yake, na nyingi zimeamshwa kwa programu za kuvunja leseni. Lakini kabla ya kufuta, tafuta leseni halali ya mashine, maana laptopu nyingi za ofisini zinayo. Kwenye Command Prompt andika:

`slmgr /dli`

Ukiona OEM_DM, leseni imo ndani ya ubao na itarudi yenyewe. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye mashine ya mtu binafsi, uwezekano mkubwa ni leseni ya kuvunjwa. Uamsho wa aina hiyo hudumu siku 180 kisha hutakiwa uhuishwe. Hata hivyo usikate tamaa. Fungua PowerShell uulize kama ubao una ufunguo wake:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Zikitoka herufi na nambari 25, ziandike. Mashine za kizazi cha 8 zilizouzwa na Windows 10 huamsha Windows 11 kwa ufunguo huo bila malipo. Toleo lazima lilingane: ufunguo wa Home hauamshi Pro. Ikitoka tupu, ongeza bei ya leseni kwenye hesabu yako au soma sehemu ya Linux chini.

RAM na diski, ukiwa bado na bisibisi

Ongeza vifaa kabla ya kupiga Windows ili usifanye kazi mara mbili. T480, Latitude 5490 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4 SO-DIMM. Ikiwa ndani mna kipande kimoja cha GB 8, ongeza cha pili cha GB 8. Vipande viwili hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na uchoraji wa picha kwenye skrini hunufaika. Kipande cha DDR3L kilichotoka mashine ya zamani hakiingii, pengo lake limekaa mahali pengine, usilazimishe. ThinkPad X1 Carbon RAM yake imechomewa, unachonunua ndicho utakachokufa nacho.

SSD nazo zina sura zinazofanana na tabia tofauti. Kibao chembamba cha M.2 kinaweza kuwa SATA au NVMe, na urefu wa kawaida ni milimita 80, unaoandikwa 2280. Fungua kifuniko kwanza, soma kilichomo, kisha ndipo ununue. T480 huja ama na diski ya inchi 2.5 au na NVMe juu ya kitako maalumu. Kuhama kutoka moja kwenda nyengine kunahitaji kitako hicho na waya wake.

Kabla ya kufungua ThinkPad ingia BIOS, "Config", "Power", na uchague kuzima betri ya ndani. Itarudi yenyewe ukichomeka chaja. Kwa Dell na HP, chomoa waya wa betri kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine.

Kutayarisha fleshi

Fleshi iwe ya GB 8 au zaidi, na iwe ya kweli. Zipo zinazojitangaza GB 64 na ndani hazifiki. Faili la Windows huharibika katikati na utapata makosa ya ajabu wakati wa kusakinisha.

Faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Lishushe usiku kwa bando la usiku, au mahali penye Wi-Fi ya kudumu, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ukilipewa na rafiki kwenye diski, lipime:

`certutil -hashfile Win11.iso SHA256`

Linganisha mfuatano unaotoka na ule uliochapishwa kwenye ukurasa wa kushushia, kwa lugha na toleo lilelile. Tofauti ya herufi moja maana yake faili si lile.

Kuandika kwenye fleshi tumia Rufus: chagua GPT (mpangilio mpya wa diski) na UEFI. Kunakili faili kwa mkono kwenye fleshi ya FAT32 hakufanyi kazi, kwa sababu ndani mna faili moja linalozidi GB 4, na FAT32 haibebi faili linalozidi kiasi hicho. Rufus hulishughulikia suala hilo peke yake.

Kupiga Windows 11

1. Tizama mita ya umeme ya TUKUZA ina yuniti, chomeka chaja, chaji betri ipite nusu. Kisha sasisha BIOS kwa faili la kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa kutumia nambari ya mashine. Hii ndiyo hatua pekee ambayo umeme wa ZECO ukikatika na betri ni mbovu, mashine inaweza isiwake tena. Betri ikiwa haishiki chaji kabisa, ruka kusasisha BIOS.

2. Ndani ya BIOS: weka UEFI peke yake, zima Legacy au CSM, washa TPM (kwenye baadhi ya mashine huitwa Security Chip au Intel PTT), washa Secure Boot. Kwa Dell ya kizazi cha 8 badilisha pia SATA kutoka RAID kwenda AHCI.

3. Washa kwa fleshi. Chagua lugha, na kibodi inayolingana na ile iliyochapwa kwenye vitufe.

4. Ukifika kwenye orodha ya diski, chomoa kwanza diski yoyote ya nje. Futa sehemu zote za diski ya ndani mpaka ibaki "Unallocated Space", chagua hiyo, endelea. Hapa hakuna kurudi nyuma.

5. Ikiwa orodha ya diski ni tupu na mashine ni ya kizazi cha 11 au zaidi, SSD si mbovu. Intel imeweka kidhibiti kiitwacho VMD ambacho fleshi ya Windows huenda haina draiva yake. Ama kizime BIOS, ama shusha draiva ya Intel RST, iweke kwenye fleshi, na bonyeza "Load driver".

6. Baada ya kuwaka upya, chomoa fleshi la sivyo itaanza tena mwanzo. Chagua Tanzania. Unga intaneti. Wi-Fi isipoonekana, chomeka simu kwa waya na uwashe USB tethering. Kwa kawaida Windows huitambua bila draiva. Hii ndiyo dakika ya kuona kama kuna kufuli ya kampuni.

Mashine ikishafunguka, nenda "Windows Update", shusha yote, kisha "Advanced options", "Optional updates", uchukue draiva. Fungua "Device Manager". Alama ya njano ni kifaa kisicho na draiva, na draiva yake ipo tovuti ya mtengenezaji. Wenye T480 watafute huko sasisho la programu ya ndani ya Thunderbolt (kidhibiti cha tundu la USB-C): matoleo ya mwanzo yalikuwa na hitilafu inayoweza kuua tundu la USB-C, na kwenye mashine inayochajiwa hapo hilo si dogo. Hakikisha "Activation" inasema "Active". Saa ikikataa kukaa sawa, ukanda wetu kwenye Windows umeandikwa Nairobi, UTC+03:00.

Mambo mawili yanayosahauliwa. La kwanza ni bando: nenda kwenye sifa za Wi-Fi yako, washa "Metered connection", ndipo Windows itaacha kujishushia magigabaiti kwa simu yako. Irudishe ukifika skuli au ofisini penye intaneti ya bure, masasisho ya usalama yapite. La pili ni usimbaji wa diski. Matoleo mapya, kuanzia 24H2, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft huisimba diski bila kukuuliza. Ufunguo wake wa tarakimu 48 huwekwa kwenye akaunti hiyo, uandike karatasini. Fundi akigusa BIOS au kubadilisha ubao, mashine itaudai, na pasipo nao mafaili yote yamekwenda.

Kama mashine tayari ni yako na ina Windows 10 yenye kazi zako

Hapa hakuna haja ya kufuta. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, endesha programu ya PC Health Check, na ikikubali tumia "Windows Update" au Installation Assistant. Ikilalamika Secure Boot kwa sababu diski ni ya mtindo wa zamani wa MBR, fungua Command Prompt kama msimamizi:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Kisha ingia BIOS ubadilishe Legacy kuwa UEFI, usipobadilisha, haitawaka. Mashine ikiwa na BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), isimamishe kwanza kabla ya amri hizo. Kosa 0x80070070 ni diski kujaa. Yanayoanza na 0xC1900101 mara nyingi ni draiva: chomoa printa na kila kilichochomekwa, ondoa antivairasi ya nje, jaribu tena. Ukishapanda na hukupenda, una siku 10 za kurudi Windows 10 kabla folda ya Windows.old haijafutwa.

Na zile za kizazi cha 4 hadi cha 7

Zipo nyingi majumbani na bado zina nguvu. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya "Windows Update", na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft hulipi. Hiyo inakupa muda tu.

Rufus inaweza kuondoa masharti ya TPM na prosesa ukapiga Windows 11 kwa nguvu. Inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hiyo, na toleo jipya la kila mwaka huenda ukalazimika kuliweka kwa mkono. Kwa mashine ya kuhifadhi hesabu za duka au kazi za watu, usifanye.

Linux Mint 22 ina msaada mpaka mwaka 2029, haidai leseni, na ile fleshi uliyoendea dukani ndiyo hiyohiyo ya kusakinishia: bonyeza "Install Linux Mint" kwenye skrini yake. RAM ikiwa GB 4, chukua toleo la Xfce. Diski ya kuzunguka ibadilishe kwa SSD ya SATA ya inchi 2.5 kwanza, maana kwenye mashine za umri huo hiyo ndiyo inayoleta mabadiliko kuliko mfumo wowote. LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na tovuti za serikali na za benki hufunguka kwenye Firefox. Anayetegemea AutoCAD au programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, Mint haimfai. Printa ya ofisini ipimwe kwa ile fleshi kabla ya kufuta Windows: ikichapa ukurasa mmoja Mint ikiwa bado kwenye fleshi, itachapa pia ikishaingia kwenye diski.